Mlolongo mfupi ulioshinda: Kenya ya 1988 na watu waliokataa kukana macho yao

Mwezi wa Februari 1988 wanachama wa Kanu, chama tawala, kote Kenya walirauka kwenda viwanja vya shule na viwanja vya baraza, wakajipanga mistari nyuma ya picha za wagombea wao ili kuteua watakaogombea ubunge. Utaratibu huo uliitwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Wakala alishika picha ya mgombea mbele, watu wakasimama nyuma yake mmoja mmoja, chifu na askari wake wakiwa pembeni. Msimamizi akapita akihesabu vichwa, kisha akatangaza. Na katika sehemu nyingi alichokitangaza hakikuwa kile ambacho uwanja mzima ulikuwa umekiona. Mlolongo uliozunguka uwanja ukatokea hadi barabarani ukaambiwa umeshindwa. Ule wa watu wachache ukaambiwa umeshinda.

Kura kuibwa si habari ngeni kwetu. Masanduku hupotea njiani, hesabu hubadilishwa usiku katika chumba kilichofungwa, na asubuhi kila mtu ana shaka lakini hakuna mwenye hakika. Kisa cha mlolongo kinastahili kuchambuliwa peke yake kwa sababu wizi wake ulifanyika mchana kweupe, mbele ya walioibiwa, nao wakatarajiwa kupiga makofi. Mtu amesimama juani tangu asubuhi, ameona kwa macho yake, kisha ofisa wa serikali anamwambia hakuona. Atajibu nini? Na asipojibu, ni nini hasa alichokitoa kwa huyo ofisa?

Kenya ilifikaje hapo

Daniel arap Moi alishika urais Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki. Aliingia kwa upole. Aliwaachilia waliokuwa kizuizini, akazunguka nchi akihubiri amani, upendo na umoja, na watu walimpenda kwa dhati. Lakini Juni 1982 Bunge liliifanya Kanu kuwa chama pekee kisheria, na Agosti 1 mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kumpindua. Baada ya hapo kamba ikaanza kukazwa. Kufukuzwa Kanu kulimaanisha kupoteza kiti cha ubunge, kwa hiyo kamati ya nidhamu ya chama ikawa na nguvu ya kufuta matokeo ya uchaguzi wa maelfu ya watu kwa barua moja. Mwaka 1986 kesi za Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, zikaanza, na vyumba vya chini ya jumba la Nyayo House, Nairobi, vikawa mahali pa kutesea watu. Wengine walifungiwa ndani ya seli zilizomwagwa maji hadi wakakiri makosa ambayo hawakuyafanya.

Kuna siku moja ya Septemba 1984 ambayo naona inaeleza mengi kuliko sheria zote hizo. Moi alikuwa amerudi kutoka Ethiopia. Akawaambia mawaziri na wananchi waliokuja kumlaki kwamba enzi za Kenyatta yeye aliimba wimbo wa Kenyatta tu, wala hakuona aibu, na sasa alitaka mawaziri nao waimbe wake kama kasuku. Akiweka nukta, nao waweke nukta. Wakenya bado huiita hotuba ya kasuku. Watu wengi huitaja kama kichekesho, lakini mimi naichukulia kuwa kauli ya wazi kabisa ya mkataba uliotakiwa: hakuna aliyeombwa kuamini. Kasuku haamini anachokisema. Kilichotakiwa ni sauti.

Mlolongo ukaja juu ya msingi huo. Kanu ilikuwa imeujaribu mwaka 1985 katika chaguzi zake za ndani, na Agosti 1986 chama kikaamua utumike kuwateua wagombea wa ubunge. Ikaongezwa kanuni nyingine: atakayepata asilimia 70 au zaidi kwenye mlolongo atahesabiwa amepita bila kupingwa, na watu wa eneo lake hawatapata kabisa nafasi ya kupiga kura ya siri.

Hoja za waliouunga mkono zinafaa kusikilizwa kwa haki, kwa sababu hazikuwa za kijinga. Walisema ni njia ya Kiafrika, isiyo na gharama, isiyohitaji mtu ajue kusoma. Walisema sanduku ndilo linaloficha wizi, na kwamba mtu mzima hana haja ya kujificha anapomchagua kiongozi wake. Mambo yote hadharani, kila mmoja aone. Hoja hiyo ina mvuto hata leo, maana kila uchaguzi wenye utata hutufanya tutamani jambo ambalo macho ya kila mtu yanaweza kulithibitisha.

Kasoro yake ni kwamba wanaotazama uwanjani hawako sawa. Chifu anapokuona umesimama nyuma ya nani, yeye ndiye anayeandika barua ya kitambulisho cha mwanao, ndiye anayegawa chakula cha msaada, ndiye anayejua shamba lako halina hati. Mwalimu anatazamwa na mkuu wa wilaya. Mwenye duka anatazamwa na anayetoa leseni. Wewe nawe unamtazama nani ambaye atakuogopa? Kura ya siri ni pale mahali padogo ambapo mtu mnyonge anaweza kuwa mkweli kwa dakika moja bila kulipia. Mlolongo ulipaondoa mahali hapo. Baada ya hapo, aliyetaka kuwa mkweli ilimbidi awe jasiri pia, na ujasiri hautegemewi kwa mamilioni ya watu wenye watoto wa kulisha.

Kura isiyoacha karatasi

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi, nalo halitajwi sana. Mlolongo haukuacha ushahidi. Karatasi za kura huweza kuhesabiwa upya, masanduku hufunguliwa mahakamani, saini hukaguliwa. Lakini watu wakishatawanyika uwanjani wakarudi makwao, utahesabu nini? Na kwa kuwa uteuzi ulihesabiwa kuwa shughuli ya ndani ya chama, mahakama haikuwa na mlango wa kupokea malalamiko. Tangazo la msimamizi ndilo lililobaki kuwa hati pekee.

Hati pekee, isipokuwa kumbukumbu za waliokuwepo. Hapo ndipo naona kiini cha kisa hiki. Katika uchaguzi wa kawaida, raia akinyamaza karatasi yake bado ipo mahali fulani, inaweza kusema siku moja. Katika mlolongo raia mwenyewe ndiye karatasi. Akinyamaza, kura imeteketea. Akisema "nilikuwepo, tulikuwa wengi, mkatangaza yule mwingine", ameihesabu kura upya kwa kinywa chake. Ndiyo maana maneno ambayo mahali pengine yangekuwa manung'uniko tu, Kenya ya 1988 yalichukuliwa kama uasi.

Wachungaji na msamaha waliopewa

Waliosema mapema walikuwa wachungaji. Agosti 1986, kabla hata mlolongo haujatumika kwa uchaguzi wa wabunge, wachungaji wapatao 1,200 wa makanisa yaliyo chini ya Baraza la Makanisa la Kenya, NCCK, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakatoa tamko la kuupinga. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kwanza: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wote, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama nyuma ya mwingine? Wakasema pia kwamba wengi hawatajitokeza kabisa, kwa kuogopa kulipiziwa kisasi. Maaskofu wa Kanisa Katoliki nao waliieleza serikali wasiwasi wao mwaka huohuo.

Jibu la kwanza lilikuwa matusi. Waliambiwa wanatumiwa na wageni, waache siasa, warudi madhabahuni. Jibu la pili lilikuwa la werevu zaidi: viongozi wa dini, maofisa wakubwa wa serikali na wanajeshi wakaambiwa hawatalazimika kupanga mstari.

Hapa inafaa tusimame. Wachungaji walikuwa wamelalamika kwamba mlolongo utawaweka pabaya, na sasa wamepewa njia ya kutoka. Wao wangebaki salama, waumini wao wangepanga mstari mbele ya chifu. Nadhani hii ndiyo dakika iliyopima uadilifu kuliko siku nyingine yoyote ya kisa hiki, kwa sababu kukubali msamaha huo kusingehitaji uongo hata mmoja. Kungehitaji kuridhika tu. Utawala dhalimu ukikosa kumtisha mtu humtafutia nafuu yake binafsi, na nafuu ni ngumu kuikataa kuliko tisho, maana anayeikataa huonekana mkaidi hata kwa rafiki zake.

Kanisa liligawanyika. Africa Inland Church, kanisa alilosali Moi mwenyewe, lilijitoa NCCK mwaka huohuo wa 1986. Wako viongozi wa dini waliohubiri utiifu hadi mwisho, wakitoa Warumi 13, sura ya Biblia inayohimiza kutii mamlaka, kama jibu la kila swali. Wengine hawakuupokea ule msamaha. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini aliendelea kusema Kisumu, Mchungaji Timothy Njoya wa Presbyterian akaendelea kusema, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki akafungua kitabu cha Danieli na kuhubiri juu ya maofisa waliotunga sheria wakijua itamnasa mtu mmoja mwaminifu. Alihubiri Maandiko tu, kwa utaratibu, aya kwa aya. Kila msikilizaji alijua ni sheria ipi, na serikali nayo ilijua.

Baada ya tangazo

Februari 1988 ikafika, na mambo yakawa kama yalivyotabiriwa, hata kupita. Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, mmoja wa wabunge wachache waliopinga mlolongo waziwazi, alitangazwa ameshindwa Starehe na Kiruhi Kimondo. Wagombea wengi walipita kwa kanuni ya asilimia 70, na maeneo yao hayakuona sanduku la kura kwenye uchaguzi mkuu wa mwezi Machi.

NCCK ilikuwa na gazeti lake, Beyond. Toleo lake la Machi 1988 lilieleza kwa kirefu jinsi mlolongo ulivyoendeshwa na kuibwa. Gazeti likapigwa marufuku mara moja, kuwa na nakala yake kukawa kosa, na mhariri Bedan Mbugua akahukumiwa kifungo cha miezi 9. Shtaka lilikuwa kwamba hakuwasilisha taarifa za mauzo ya gazeti kama sheria inavyotaka. Nakuomba msomaji uliangalie shtaka hilo kwa makini. Serikali haikumshtaki kwa kusema uongo kuhusu uchaguzi. Kumshtaki hivyo kungempa nafasi ya kuleta mashahidi, kijiji kwa kijiji, waseme mahakamani walisimama wapi na walikuwa wangapi. Mlolongo ungepigwa upya mbele ya hakimu. Kwa hiyo wakatafuta karatasi za mauzo.

Desemba mwaka huo likatokea jambo lililowashtua wengi kuliko mahubiri. Kenneth Matiba, waziri wa uchukuzi na mawasiliano, tajiri, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, alijiuzulu kwa sababu ya wizi katika uchaguzi wa Kanu wilayani kwake Murang'a. Mawaziri walizoea kufukuzwa, wakasikia habari zao redioni kwenye taarifa ya saa saba. Waziri kuacha bendera mwenyewe, akasema ni kwa ajili ya uongo uliofanywa uchaguzini, halikuwa jambo la kawaida katika serikali ile. Chama kikamfukuza, kiti chake cha ubunge cha Kiharu kikaenda.

Matiba hakuwa mtakatifu. Alikuwa mwanasiasa mwenye tamaa ya madaraka, na alikuwa ndani ya serikali wakati mlolongo ukipitishwa. Lakini uadilifu hautungoji tuwe safi kwanza. Alifika mahali ambapo kuendelea kukaa kwenye meza ile kungemfanya awe shahidi wa uongo katika kila kikao cha mawaziri, akainuka. Mei 1990 yeye na Rubia wakaitisha waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Julai 4 wakakamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena kuwa ilivyokuwa.

Gitari naye alifikiwa. Usiku mmoja wa Aprili 1989 kundi la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake Kerugoya, wakivunja mlango baada ya mlango. Alipanda juu ya paa akaanza kupiga mayowe, majirani wakaitika, wavamizi wakakimbia. Sijui picha inayoeleza vizuri zaidi jinsi mambo yalivyokuwa: askofu juu ya bati la nyumba yake usiku, na kinachomwokoa ni sauti yake na watu waliokubali kuamka.

Alexander Muge

Nimemwacha makusudi hadi hapa, kwa sababu bila yeye mtu angeweza kusema upinzani huu ulikuwa wa kikabila tu. Matiba na Gitari walitoka kwa Wakikuyu waliokuwa wamepoteza nafasi zao serikalini, Okullu alikuwa Mjaluo, na serikali haikuchoka kuwakumbusha watu hivyo. Alexander Kipsang Muge alikuwa Mnandi, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret, katikati ya Bonde la Ufa. Alikuwa polisi wa kikosi cha GSU kabla ya kuwa mchungaji. Watu wake walihesabiwa kuwa ndio wenye serikali. Kila faida ya kunyamaza ilikuwa mlangoni kwake.

Akasema kuhusu mlolongo. Akasema kuhusu unyakuzi wa ardhi uliofanywa na wakubwa, na kuhusu watu wa Pokot Magharibi kukosa chakula. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, alipouawa Februari 1990 na mwili wake kukutwa umechomwa karibu na kilima cha Got Alila, Muge hakukubali habari hiyo ipite kimya kimya. Maneno yake yaliuma kwa namna ambayo ya wengine hayakuuma, kwa sababu hayangeweza kujibiwa kwa jibu lililozoeleka. Huwezi kumwambia mtu wa nyumbani kwamba anasema hivyo kwa sababu hatoki nyumbani.

Agosti 1990, Waziri wa Kazi Peter Okondo, mbunge wa huko Busia, alitangaza hadharani kwamba Muge na Okullu wasithubutu kukanyaga Busia. Wakija, alisema, wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge akajibu kwamba atakwenda, na kwamba damu yake isiyo na hatia itamwandama Okondo.

Agosti 14 alikwenda. Alifika Busia, akakutana na watu, akaomba nao. Alipokuwa akirudi Eldoret, gari lake liligongana na lori la maziwa karibu na Kipkaren, akafa.

Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuendesha kwa hatari, na alifia gerezani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilikiweka kifo cha Muge katika sehemu inayohusu mauaji ya kisiasa, sambamba na vile vya wanasiasa Pinto, Mboya, J. M. Kariuki na Ouko. Zaidi ya dereva yule, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo cha Muge.

Swali ambalo watu huuliza ni kwa nini alikwenda. Angebaki Eldoret angeishi, na kanisa lingebaki na sauti yake kwa miaka mingine 20. Nimelitafakari swali hilo mara nyingi, na sioni kwamba alikwenda kutafuta kifo. Busia ni Kenya. Raia wa Kenya, na hasa askofu, ana haki ya kwenda Busia. Angelikaa nyumbani kwa sababu ya lile tisho, angekuwa amekubali kwa mwenendo wake kwamba Okondo ndiye mwenye Busia, kama vile mtu anayesimama kwenye mlolongo wa woga anavyokubali kwa miguu yake kwamba chifu ndiye mwenye kura. Muge alikuwa amewaambia watu wasiukubali uongo huo. Hakuona jinsi ya kuwaambia hivyo kisha yeye aukubali.

Je, ilifaa kitu?

Kuna watu wanaodai kwamba yote haya hayakubadilisha lolote; kwamba Moi alilegeza kamba kwa sababu vita baridi viliisha na wafadhili wakafunga mifuko Novemba 1991. Fedha zilikuwa na nguvu yake, sikatai. Lakini tazama mfuatano wa miaka. Siku ya mwaka mpya 1990, Njoya alihubiri katika kanisa la St. Andrew's Nairobi akiuliza ni lini yaliyotokea Ulaya Mashariki yatafika Kenya, wiki moja tu baada ya Ceaușescu kuuawa Romania. Julai 7, siku ya Saba Saba, watu walijaa mitaani wakapigwa risasi. Katikati ya mwaka huo serikali ililazimika kuunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti izunguke nchi ikisikiliza maoni kuhusu Kanu. Haya yote yalitokea zaidi ya mwaka mmoja kabla wafadhili hawajashika mfuko.

Kamati ya Saitoti ilikusudiwa kutuliza hewa. Badala yake raia walikuja kwenye kipaza sauti, mji baada ya mji, wakasema majina yao, wakasema walivyoibiwa kura. Magazeti yakaandika. Mambo yaliyompeleka Bedan Mbugua jela miaka miwili nyuma yakawa yanasemwa mbele ya Makamu wa Rais na mama wa sokoni. Wale mashahidi ambao serikali ilikwepa kuwaita mahakamani mwaka 1988 walikuwa wamefika wenyewe. Sidhani wangefika kama kwa miaka minne hakungekuwa na watu wachache waliokuwa wakisema kila mara, kwa gharama, kwamba kila mmoja aliona alichokiona. Kazi kubwa ya woga ni kumfanya kila mtu adhani ni yeye peke yake anayejua. Askofu akisema kwa sauti, mama yule anagundua kwamba jirani yake naye alikuwa akihesabu.

Desemba 1990 mkutano wa wajumbe wa Kanu ukaufuta mlolongo na kanuni ya asilimia 70. Muge alikuwa amezikwa miezi minne. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991 Kasarani, wajumbe walisimama mmoja baada ya mwingine kuulaani mfumo wa vyama vingi, kwa ukali, kwa nyimbo. Kisha Moi akasimama, akawaambia kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kanu kuwa chama pekee, kiondolewe. Wakakubali papo hapo, wakapiga makofi. Miaka saba ya kuimba kama kasuku ilikuwa imewafundisha kutokuwa na neno lao hata la kuitetea Kanu wenyewe.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulifanywa kwa karatasi na masanduku. Ulikuwa na dosari nyingi, damu ilikuwa imemwagika Bonde la Ufa, na Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi kwa kuwa wapinzani waligawanyika. Matiba aligombea urais, mgonjwa, akawa wa pili. Gitari akawa askofu mkuu mwaka 1997 na aliendelea kudai katiba mpya hadi alipostaafu.

Faili la Muge lilifungwa na hukumu ya dereva. Hadi leo hakuna mahakama iliyowahi kumhoji yeyote kuhusu tisho lililotolewa na waziri hadharani, waandishi wakiwa wanaandika, siku chache kabla ya ajali. Ripoti ya 2013 bado haijajadiliwa na kupitishwa na Bunge, na wapo watu wa Busia wanaokumbuka vizuri askofu huyo alisimama wapi siku ile na aliwaombea nini.